Swali la Kumi na Nne

Siku ya nne ya usahihishaji, Jumamosi asubuhi, Bi Seli alikutana na karatasi iliyomfanya aiweke mezani kalamu yake nyekundu.

Seli halikuwa jina lake la kuzaliwa. Wanafunzi ndio waliombandika. Mwaka wake wa kwanza wa kazi alichora seli moja ubaoni, akaifundisha wiki tatu bila kuruhusu mtu aifute, mpaka mwalimu wa hisabati akawa anafundishia kwenye kipande cha ubao kilichobaki pembeni. Jina likamganda. Hata mumewe, fundi friji asiye na habari na mambo ya seli, alikuwa akimwita hivyo.

Walikuwa walimu sitini katika bwalo la chakula la shule moja ya bweni, wanafunzi wakiwa likizo. Meza ndefu zilikuwa zimesuguliwa mpaka zikaacha kunuka mafuta, na karatasi za majibu zilifungwa kwa kamba, mafungu ya hamsini hamsini. Kila meza ilipewa maswali yake. Meza ya Bi Seli ilikuwa na watu sita, na tangu Jumatano yeye alikuwa ameshikilia swali la kumi na tano, la mchoro. Swali la kumi na nne lilikuwa la mwalimu waliyemwita Treni, kwa sababu akianza kusahihisha hasimami kituo chochote, akisaidiwa na mwenzake mmoja. Jumamosi hiyo mwenzake aliamka shavu limevimba kwa jino, ndipo Bi Seli akaombwa kuziba pengo.

Swali lenyewe lilikuwa jepesi kuliko yote. "Vimeng'enya vyote ni protini. Andika Kweli au Si kweli, kisha toa sababu." Alama mbili. Mwongozo wa kusahihishia ulisema jibu ni Kweli, na sababu ni kwamba vimeng'enya vimejengwa kwa asidi amino. Bi Seli alipousoma mwongozo alikunja uso, lakini hakusema neno. Alipofika karatasi ya ishirini na kitu, ikawa hawezi tena kunyamaza.

Mtahiniwa huyo, ambaye kwao wasahihishaji alikuwa namba tu, alikuwa na mwandiko wa kubanana kama mtu anayebania karatasi. Aliandika: "Si kweli. Vingi ni protini, lakini zipo RNA zinazojikunja zikapata umbo na kufanya kazi ya kimeng'enya. Zinakata RNA nyingine mahali pamoja tu, na zenyewe zinabaki nzima." Pembeni alikuwa amechora uzi uliojikunja ukatoa matawi matatu, na mshale mdogo ukionyesha pa kukatia.

Bi Seli alisoma mara mbili. Akamuuliza Treni kama amewahi kukutana na jibu la namna hiyo. Treni, bila kuinua macho, akasema walioandika Si kweli amewaona wengi tu, na wote amewachapa sifuri.

"Sababu zao ulizisoma?"

"Jibu limeshakosewa, sababu niisome ya nini?"

Bi Seli akainuka na karatasi yake mkononi, akaenda meza ya mbele.

Meza ya mbele alikaa mwenyekiti wa jopo, mzee aliyefundisha biolojia miaka thelathini na minne na ambaye nusu ya walimu waliokuwa bwaloni walipita mikononi mwake. Walimwita Mzee Kanuni, mbele yake na nyuma yake, naye hakuchukia. Bi Seli alikuwa mwanafunzi wake, kisha akaolewa na mwanawe, kisha akaajiriwa shule ileile, darasa lake likatazamana na la mzee. Nyumbani alimwita Baba. Humu bwaloni alimwita Mwenyekiti. Asubuhi walikuja kwa gari moja, la mzee, na gari hilo lilikuwa na kanuni zake pia: mlango wa nyuma wa kushoto haufungwi kwa nguvu.

Na kulikuwa na jambo moja ambalo kila mtu alilijua. Swali la kumi na nne alilitunga yeye.

Mzee Kanuni aliisoma karatasi, akaigeuza nyuma kana kwamba huko kuna maelezo zaidi, akairudisha. Akamwambia kwa upole kwamba mtoto huyu amesoma mengi, ila mwongozo ni mwongozo. Bi Seli akasema mwongozo umekosea. Hakupandisha sauti, lakini alilisema wazi, na walimu wa meza za karibu wakaacha kuandika.

"Kimeng'enya ni nini?" mzee akamuuliza, vilevile alivyomuuliza alipokuwa na miaka kumi na sita.

"Ni kitu kinachoharakisha mabadiliko ya kikemia bila chenyewe kubadilika."

"Bila chenyewe kubadilika. Sasa hizo RNA zako nazijua, nimezisoma. Ziko kwenye vimelea vya mimea, zinajikata zenyewe. Kisu kilichojikata vipande viwili bado ni kisu?"

Watu wakacheka. Bi Seli naye alitabasamu, maana lilikuwa pingamizi zuri na alilitarajia. Akaeleza kwamba wataalamu waliugawa uzi huo sehemu mbili, moja ya kukata na moja ya kukatwa. Ile ya kukata ikakata, ikaachia, ikaenda kukata nyingine na nyingine, na yenyewe ikabaki nzima kama mtoto huyu alivyoandika.

"Waligawa wao," mzee akasema. "Mimi nauliza cha asili, kisichoguswa na mtu."

Bi Seli akamtajia RNA nyingine, iliyomo ndani ya bakteria, ambayo kazi yake ni kukata ncha za RNA changa ili ziwe tayari kutumika. Mzee akamkumbusha kwamba hiyo huandamana na protini. Bi Seli akakubali, akasema protini hiyo ni msaidizi tu wa kushikilia, na ukiiondoa, ukaongeza chumvi ya magnesi ya kutosha, RNA inafanya kazi peke yake.

"Kwenye chupa ya maabara."

"Ndiyo, kwenye chupa."

"Basi tumerudi palepale." Mzee akaifunika kalamu yake ya kijani, ishara ambayo wote waliifahamu. Akasema karatasi elfu tisa zimeshapita, mwongozo haubadilishwi siku ya nne kwa ajili ya chupa, na mjadala umefungwa.

Treni akashusha pumzi ya raha. Lakini Bi Seli hakuondoka. Alikuwa na hakika na anachokijua, na mtu mwenye hakika hawezi kurudi kwenye kiti chake akachape sifuri jibu sahihi. Akasema, "Mwenyekiti, naomba iandikwe kwenye kumbukumbu kwamba nimekataa kulisahihisha swali la kumi na nne."

Mzee Kanuni akafungua daftari la kumbukumbu, akaandika sentensi hiyo, akaweka tarehe, akaligeuza daftari upande wa Bi Seli. "Weka sahihi," akasema. Bi Seli akaweka.

Safari ya kurudi nyumbani siku hiyo, mzee aliongea na gari tu, akilisihi kwenye kilima. Walipofika, mume wa Bi Seli, aliyekuwa uani amefungua mgongo wa friji la mteja, aliwatazama mara moja akaelewa kila kitu. Mkewe alipomfuata kumweleza, aliinua mikono yote miwili yenye grisi.

"Mimi simo," akasema. "Baba yangu, mke wangu, na hicho kidudu chenu, malizaneni wenyewe."

Lakini alikuwa fundi, na fundi hawezi kusikia habari ya kitu kinachofanya kazi asiulize kinafanyaje. Walipokaa sebuleni kabla ya chakula, mzee akiwa amejifunika gazeti kwenye kiti chake, mume akauliza hiyo RNA ni nini hasa. Bi Seli alijua hadhira yake ni nani. Akasogeza kiti kidogo, ili sauti ifike mpaka nyuma ya gazeti.

Akachukua kalenda ya mwaka uliopita, akakata ukanda mrefu mwembamba, akaandika herufi nne tu akizirudiarudia: A, U, G, C. Akamweleza mumewe kwamba DNA inajulikana na kila mtu, ina nyuzi mbili zilizosokotana, imetulia kama mtu aliyeoa. RNA ni uzi mmoja, haina mwenza, kwa hiyo inajitafutia mwenza ndani ya mwili wake wenyewe. A inashikana na U, G inashikana na C. Akaupinda ukanda, herufi zikakutana, akazibana kwa kibanio cha nguo. Pale pasipo na jozi pakabaki kitanzi. Akapinda tena, akabana tena, mpaka ukanda ukawa na matawi matatu yaliyokutana katikati.

"Sasa tazama hapa kati," akasema. "Herufi hizi zilikuwa mbalimbali, huku mwanzo na kule mwisho. Ikijikunja, zinakutana uso kwa uso, na hapo ndipo panapokata. Ukinyoosha, haikati chochote."

Mumewe akaushika ukanda, akaugeuza kama anavyogeuza kipuri asichokifahamu. Akauliza kama ni kweli kwamba umbo ndilo linalofanya kazi, maana hata valvu ya friji ni kipande cha chuma tu mpaka ipate umbo lake. Bi Seli akasema ndivyo hasa. Akauliza chumvi ni ya nini. Akaambiwa uzi huo wote una chaji hasi, sehemu zake zinasukumana, na magnesi ndiyo inayozituliza zikubali kukaribiana.

"Na protini iko wapi hapo?" mumewe akauliza.

"Haipo."

Muda wote huo gazeti halikufunguliwa ukurasa mwingine.

Kesho yake ilikuwa Jumapili, hakuna kazi. Asubuhi mume alimjia Bi Seli jikoni akiwa anabana kicheko, akasema ametumwa. Mzee anauliza kama mwalimu mwenzake ana kile kitabu alichokuwa anakisema. Bi Seli hakuwa amekisema kitabu chochote, lakini alikwenda rafuni akatoa kinene kuliko vyote, akampa mumewe apeleke.

Mzee alikaa nacho barazani. Jua liliposogea naye alisogeza kiti, akala chakula cha mchana ukurasa ukiwa wazi, akakataa usingizi wake wa adhuhuri ambao hata wageni hawakuwahi kuuvunja. Bi Seli alipita mara tatu na nguo za kuanika, na mara zote tatu hakuitwa. Saa kumi ndipo aliposikia, "Mwalimu." Siku zote nyumbani alimwita mwanangu. Akaja akasimama.

"Ribosomu imetengenezwa kwa nini?"

"RNA na protini, Baba."

"Na pale asidi amino zinapounganishwa, pale penyewe, pana nini?"

Bi Seli alilijua jibu. Alikuwa amelisoma chuoni, akalijibu kwenye mtihani, akaliweka pembeni. Mzee aliweka kidole juu ya mchoro wa ukurasa mzima. Protini zote zilikuwa pembezoni, zimeshikilia kuta. Katikati, pale kazi inapofanyika, palikuwa na RNA tupu.

"Kiwanda kinachotengeneza protini zote za mwilini, za mwili wako na za huyo bakteria wako, fundi wake mkuu ni RNA," mzee akasema polepole, akijisikiliza. "Inaunganisha, inaachia, inabaki nzima. Na hakuna aliyeigawa, ni ya asili. Wewe jana ulinijia na visu vidogo vidogo, ukaacha kiwanda kizima nyuma yako."

"Nilikuwa na hasira, Baba."

"Hasira haina alama kwenye mwongozo." Akafunga kitabu, akakipapasa jalada. Bi Seli alimwona amechoka na amefurahi kwa pamoja, na akajisikia amefurahi kuliko yeye.

Jumatatu, kabla kamba hazijafunguliwa, Mzee Kanuni alisimama mbele ya bwalo. Hakuzunguka. Alisema swali la kumi na nne amelitunga yeye, na amelikosea. Akaeleza habari ya ribosomu kwa dakika kumi, bila karatasi, kwa ufasaha uleule ambao miaka thelathini na minne aliutumia kufundisha kinyume chake. Walimu wengine waliandika. Alipomaliza akasema kusahihisha wengine bila mwenyewe kukubali kusahihishwa hakumfai mtu wa umri wake, na karatasi elfu tisa zitafunguliwa upya.

Treni akainua mkono. Akauliza kama maana yake ni kwamba wote walioandika Kweli, ambao ni karibu wote, sasa wamekosa.

"Ndiyo," Bi Seli akajibu kabla ya mwenyekiti.

"Hapana," akasema mwenyekiti.

Wakatazamana. Bi Seli akasimama, akasema ukweli ni mmoja, na wakimpa alama aliyeandika kisicho kweli watakuwa wameikana kazi yao wenyewe. Mzee akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akachukua kitabu cha kiada kilichokuwa mezani, kile kinachotumika shule zote, akakifungua akasoma kwa sauti: vimeng'enya vyote ni protini.

"Ukurasa huu haukuandikwa na mtahiniwa," akasema. "Tulimpa sisi, tukamwambia asome, akasoma. Leo tumwadhibu kwa kututii? Kosa ni letu, tulilipe wenyewe."

Bi Seli hakupenda kushindwa, na alijua kwamba hapo ameshindwa kihalali. Akakaa. Lakini hakukaa muda mrefu: akauliza, basi aliyeandika Si kweli bila sababu, naye anapata nini? Mzee akasema bila sababu ni bahati nasibu. Bi Seli akasema aliyeandika Kweli bila sababu anapewa alama moja na hakuna anayeiita bahati nasibu. Safari hii walimu wengi walimuunga mkono, na mzee akakubali. Akatoka nje kupiga simu ofisi ya mitihani, akakaa huko nusu saa, akarudi na ruhusa.

Kazi ilichukua siku mbili na nusu. Treni alinung'unika siku ya kwanza yote, akisema tiketi yake ya kurudi kwao inamsubiri. Ila siku ya pili, asubuhi, alisimama ghafla na karatasi mkononi akasema amempata mmoja. Alikuwa amemchapa sifuri mwenyewe Alhamisi iliyopita, na sababu ilikuwa nzuri kuliko ya kwenye mwongozo mpya. Akaifuta sifuri kwa mistari miwili, akaandika mbili, akaweka sahihi ndogo. Tokea hapo akawa anasoma kila sababu, na Treni akageuka kuwa mtu wa mwisho kumaliza fungu.

Jumla walipatikana sitini na mmoja wenye sababu kamili. Lililowashangaza ni kwamba ishirini na wanane kati yao walikuwa kwenye fungu moja, yaani kituo kimoja cha mtihani. Mwalimu mmoja akasema wameigiliziana, zifutwe. Bi Seli akazipanga zote ishirini na nane mezani, akaita wenzake wasome. Hakuna mbili zilizofanana maneno. Mmoja alitaja bakteria, mwingine ribosomu, mwingine alichora matawi matatu, mwingine alisema tu kwamba uzi ukijikunja vizuri unaweza kuwa chombo. Hao hawakuigana. Hao walifundishwa, na mtu aliyewafundisha hakukubali kuishia kwenye ukurasa wa kitabu.

Mzee Kanuni alizisoma moja moja akiwa amesimama. Orodha ya vituo ilikuwa kwenye bahasha iliyofungwa kwa lakiri, palepale mezani pake. Wote waliiangalia ile bahasha.

"Ningependa sana kumjua mwalimu huyo," akasema. Akaisogeza bahasha pembeni bila kuigusa lakiri, kwa sababu kanuni zilikataza, akaomba fungu linalofuata.

Kabla ya kuvunja jopo aliandika barua kwa watunzi wa kitabu cha kiada, kurasa mbili, akampa Bi Seli aikosoe. Bi Seli alipunguza sentensi nne, akaongeza moja. Mzee alirudisha mbili alizopunguza. Wakaweka sahihi wote wawili.

Shule zilipofunguliwa, wiki ya pili, mzee alivuka kijia akaja kwenye mlango wa darasa la mkwewe, akamwomba afundishe kipindi kimoja kwenye darasa lake, kile cha vimeng'enya. Alisema aliwafundisha hao mwaka jana, na lugha yake imezoea njia ya zamani. Bi Seli akaenda. Mzee akachukua kiti, akakaa nyuma kabisa kati ya wanafunzi wawili warefu, na daftari jipya magotini.

Bi Seli alifundisha bila haraka. Alichora uzi, akaandika herufi, akaukunja kwa chaki tawi baada ya tawi, akaeleza kwa nini umbo ni kila kitu. Darasa lilikuwa limetulia. Alikuwa anaelekea katikati, penye kukata, mkono wa nyuma ukainuka.

"Mwalimu," mzee akasema, "kwenye tawi la pili umeishikanisha G na A. Hapo halijikunji kitu."

Wanafunzi wakageuka wote kumtazama, kisha wakageuka kumtazama Bi Seli. Akarudi hatua mbili, akaangalia ubao. Ilikuwa kweli. Akaifuta A kwa kidole, akaandika C, akaendelea na kipindi.